Kuzima Chokaa

Nalipwa kwa neno, shilingi mia na hamsini,
liwe *pipa*, liwe *ukuta*, liwe lile
lililonikesha siku tatu hapa Kirumba,
harufu ya dagaa wa Mwaloni ikiingia bila hodi.

Kitabu ni cha Kihispania: namna ya kuponya
kuta za mawe na chokaa. Bi Consuelo kakiandika,
wafadhili wanakitaka kwa Kiingereza,
na bohari ya pamba kule ufukweni, yenye nyufa,
haijui hata moja ya lugha hizo.
Mimi nilisoma ujenzi Kuba. Miaka sita.
Nikarudi na cheti, na jina: Mkyuba.

Ukurasa wa kwanza: *cal viva*. Chokaa hai,
imetoka tanuruni juzi, kavu, ina hasira.
Wa pili: *cal apagada*.
Iliyozimwa, kama koroboi kabla ya kulala.
Nikapekua Kiingereza. Wao husema
imekatwa kiu. Kwa Mhispania moto umekufa,
kwa Mwingereza mgeni kapewa maji.
Nimekaa na kalamu kati ya moto na kiu,
jirani akauliza kupitia ukutani,
"Mkyuba, u mzima?"
"Mzima."
Hapo nikacheka peke yangu.
Aliye hai kwetu ni mzima,
na taa iliyokufa tumeizima:
uhai na giza wanakula sahani moja
bila kutazamana usoni.

Asubuhi nikamfuata Minza binti Lushinge,
fundi mwashi, kanga juu ya suruali,
anachota ziwa kwa ndoo ya rangi.
"Hii mnaiitaje?"
"Chokaa."
"Na hii?"
"Chokaa."
"Na ikiingia maji?"
"Rudi nyuma, utababuka."

Akamwaga.
Pipa likanguruma kama kiboko aliyeamshwa,
mawe yakapasuka, yakawa uji,
uji ukatokota pasipo kuni.
Akanionyesha mkono: baka jeupe
toka kiganja hadi kiwiko.
"Neno lako nililisomea hapa."

Alipoanza kazi walimwambia
mwanamke kushika mwiko ni mwiko.
Mwiko wa ugali haukuwa mwiko,
mwiko wa mwashi ulikuwa mwiko.
Ananisimulia huku anasawazisha ukuta,
na mimi nahesabu: *jaharrar, enfoscar, enlucir*,
maneno matatu ambayo Kiingereza changu
kimeyavika shati moja.
Yeye anakandika, anapiga lipu, anapaka niru,
wala hajui kwamba ananitajirisha.

Nikamwambia, zamani Hispania
fundi mkuu wa waashi aliitwa *alarife*,
neno la Kiarabu, nduguye *maarifa*.
"Kumbe lilipita kwetu?"
"Sisi tulipata ndugu mmoja, wao mwingine."
Akapangusa mwiko kwenye goti.
"Basi waandikie mimi ni huyo.
Halafu waniongezee posho."

Limebaki moja. *Hueso*, mfupa:
punje iliyokataa kuiva tanuruni,
ikakataa maji, ikajificha ndani ya uji laini.
Ukiipiga ukutani inanyamaza,
miezi, hata mwaka,
mpaka masika yaifikie,
ivimbe, ipasuke, iache tundu kama la ndui.
Kamusi zangu zote tatu zimepita kando.
Minza hakufikiri hata kidogo:
"Hiyo? Mkaidi."

Usiku umeme ukakatika.
Nikaandika kwa mwanga wa simu,
katikati ya Kiingereza cha watu,
*mkaidi*, bila maelezo, bila radhi.
Mia na hamsini.
Sijui Bi Consuelo atasema nini.
Limekaa humo, halijazimwa.
Mvua ikija litajitaja.